Anwani Kwanza: Mgeni wa Afrika Mashariki Mbele ya Mlango wa London

Mazungumzo yetu kuhusu maisha ya ughaibuni hukaa mno kwenye baridi, upweke na chakula kisichokolea, na anayejiandaa kwenda London huhimizwa kununua koti kuliko anavyohimizwa jambo jingine lolote. Koti hupatikana kwa nusu siku. Kinachomchosha mgeni katika miezi yake ya mwanzo ni kingine kabisa: hana kumbukumbu ambazo jiji lile linaweza kuzisoma. Alikotoka alikuwa na kazi, majirani, mwenye duka aliyemkopesha mpaka mwisho wa mwezi, na ofisi ya serikali ya mtaa ambayo ingemwandikia barua kwamba huyu ni mkazi wetu na tunamfahamu. Alikofika amebaki jina kwenye pasipoti. Hoja yangu ni kwamba ugumu wa kutulia London huanza kwenye karatasi kabla haujafika kwenye mahusiano ya watu, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki tuliotangulia, pamoja na ukarimu wetu wote, mara nyingi tunampa mgeni kitanda huku tukimnyima kile anachokihitaji zaidi, yaani hati yenye jina lake na anwani yake.

Mduara wenyewe anaujua kila aliyepita humo. Dalali wa nyumba anataka kuona taarifa za benki za miezi kadhaa pamoja na hati za mshahara; mwajiri anataka akaunti ya benki ya Uingereza ili alipe huo mshahara; benki nyingi zinataka uthibitisho wa makazi, kwa mfano bili ya umeme au mkataba wa upangaji; na mkataba wa upangaji uko kwa dalali yule yule. Hakuna kati yao anayemkataa mgeni kwa ubaya. Kila mmoja anasubiri mwenzake aanze.

Inafaa kuuliza kwa nini jiji lenye watu karibu milioni 9, ambamo sensa ya mwaka 2021 ilikuta kwamba zaidi ya asilimia 40 ya wakazi walizaliwa nje ya Uingereza, halijapata dawa ya tatizo la kawaida kiasi hiki. Jibu, kwa maoni yangu, limo katika jambo ambalo Waingereza wenyewe wanajivunia. Uingereza haina daftari la wakazi. Ujerumani, anayehamia nyumba hutakiwa kujiandikisha manispaa ndani ya wiki mbili, naye huondoka na cheti chenye anwani yake. Urasimu huo hulalamikiwa sana, lakini angalau ofisi inayotoa karatasi ya kwanza inajulikana iliko. Waingereza walifuta vitambulisho vya wakati wa vita mwaka 1952, wakavirudisha kwa sheria ya 2006, kisha wakavifuta tena mwaka 2010 kwa hoja ya kulinda uhuru wa raia. Uhuru huo ni wa kweli na siudharau. Ila raia aliyezaliwa pale hahitaji serikali imtambulishe, kwa sababu benki, kampuni ya umeme na kampuni ya simu zimekuwa zikimtambulisha tangu utotoni mwake. Kazi ya kusema nani ni mkazi imeachiwa makampuni binafsi, na makampuni humtambua mteja wake tu. Gharama ya uhuru ule, kwa sehemu kubwa, inalipwa na aliyeshuka jana Heathrow.

Sisi tunatoka katika miji inayofanya kazi kwa namna nyingine. Dar es Salaam, mwenye nyumba anaweza kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, dai ambalo ni zito, lakini ukishalipa haulizi tena ulilipaje madeni yako ya nyuma. Mdhamini ni mtu, na barua ya serikali ya mtaa ni ushahidi wa watu kuhusu mtu. Nairobi nako, rekodi ya M-Pesa ya miaka kadhaa inaweza kumpatia mtu mkopo kwa dakika chache. Yote hayo hufutika uwanja wa ndege. Kampuni tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo Uingereza, yaani Experian, Equifax na TransUnion, hazina habari na M-Pesa yako, ingawa mradi uliozaa M-Pesa kabla ya kuzinduliwa mwaka 2007 ulisaidiwa na fedha za mfuko wa serikali ya Uingereza na kuanzishwa na Vodafone, kampuni ya Kiingereza. Mtu mwenye miaka 40, aliyelipa madeni yake yote kwa wakati, anahesabiwa sawa na kijana wa miaka 18 ambaye hajawahi kukopa hata senti.

Haikuwa hivi siku zote, wala haikuwa bora zamani. Pale Pimlico, katikati ya London, kwenye nyumba namba 95 ya Cambridge Street, kuna kibao cha buluu kinachoeleza kwamba Jomo Kenyatta aliishi hapo, kati ya mwaka 1933 na 1937, miaka ambayo alisoma pia anthropolojia kwa Bronisław Malinowski. Mwenye nyumba wa zama zile alikuwa na chombo kimoja cha kumpima mpangaji mgeni, nacho ni uso wake, na mara nyingi kipimo hicho kilimfungia mtu mweusi mlango. Tangazo la chumba lililosema wazi kwamba weusi hawatakiwi halikuwa kosa kisheria. Sheria ya kwanza ya kupinga ubaguzi wa rangi, ya mwaka 1965, haikugusa nyumba, na ilibidi kusubiri ile ya 1968. Tangu hapo mlango umehama kutoka kwenye uso kwenda kwenye faili, na hayo ni maendeleo. Lakini faili nalo lina macho.

Ushahidi wake ni ukaguzi wa haki ya kupanga. Kuanzia tarehe 1 Februari 2016, kote katika England, mwenye nyumba analazimika kuthibitisha kwamba mpangaji ana ruhusa ya uhamiaji kabla ya kumkabidhi ufunguo, na tangu Februari 2024 akikosea anaweza kutozwa hadi pauni 10,000 kwa kila mpangaji kwa kosa la kwanza, na hadi pauni 20,000 akirudia. Mwenye nyumba asiye mbaguzi hata kidogo, akiwa na maombi matano mezani, atampendelea yule ambaye karatasi zake hazimsumbui kichwa. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2019 kwamba utaratibu huu unasababisha ubaguzi; Mahakama ya Rufani, mwaka uliofuata, ikakubali kwamba baadhi ya wenye nyumba wanabagua kwa sababu yake, lakini ikaamua kwamba sheria yenyewe ni halali. Mgeni anapaswa kuuelewa uamuzi huo kwa makini, kwa kuwa unamweleza kwamba mlango anaoukuta umefungwa hauna mtu mmoja wa kulaumiwa. Sasa hivi kadi za ukaaji zimeondolewa na hadhi ya mtu imo mtandaoni: mgeni anaingia kwenye akaunti yake ya uhamiaji, anapata namba maalumu inayodumu siku 90, anampa mwenye nyumba, naye anaikagua kwenye tovuti ya serikali. Ikifanya kazi ni kitu cha dakika mbili. Siku isipofanya kazi, huna cha kumwonyesha mtu mkononi.

Baada ya uhamiaji huja fedha. Desturi ya madalali wengi wa London ni kutaka mpangaji awe na mshahara wa mwaka usiopungua mara 30 ya kodi ya mwezi, na anayepungukiwa alete mdhamini anayeishi Uingereza mwenye kipato kikubwa zaidi. Mgeni asiye na hata kimoja alikuwa na njia moja ya kutokea, nayo ilikuwa ile ile ya Dar es Salaam: alipe miezi sita mbele. Sheria mpya ya wapangaji iliyopitishwa Oktoba 2025 inaiziba njia hiyo, kwani kuanzia Mei 2026 mwenye nyumba haruhusiwi kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja kabla upangaji haujaanza. Nia ni njema na mpangaji wa kipato cha chini atapumua. Hata hivyo, aliyekuja na akiba bila historia amenyang'anywa hoja yake pekee, na sasa kila kitu kitamwangukia mdhamini. Nitarudi kwa mdhamini huyu.

Hapa ndipo jamaa wanapoingia. Mgeni hufikia kwa ndugu, kwa rafiki wa ndugu, au kwa mtu wa kwao aliyeonana naye mara moja kwenye harusi, huko East Ham, Barking au Croydon, na hupokewa vizuri kwelikweli. Atapikiwa, atafundishwa kwamba mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014 na kwamba nauli moja inamruhusu kubadili mabasi ndani ya saa moja, ataunganishwa na mtu anayejua ghala linalotafuta wabeba maboksi. Ukarimu huu sisi tunauona wa kawaida, lakini Mwingereza wa tabaka lolote angeshangaa kusikia kwamba mtu amemlaza sebuleni kwa miezi minne binamu wa shemeji yake. Tatizo linaanza siku mgeni anapoomba jina lake liandikwe kwenye bili ya gesi, au anwani ile itumike benki. Mwenyeji hubadilika uso.

Anachohofia si siri. Akiwa mtu mzima peke yake katika nyumba, anapata punguzo la asilimia 25 ya kodi ya manispaa, kodi ambayo kwa vituko vya nchi ile bado inakadiriwa kwa thamani ya nyumba za mwaka 1991, na mtu mzima wa pili akiandikishwa punguzo linaondoka. Wengine wanalipiwa sehemu ya pango na serikali na wanaogopa kukatwa. Wengine mkataba wao unawakataza kuweka mtu. Zipo pia hofu zisizo na msingi, na ni vizuri zisemwe. Mwanafunzi wa muda wote hahesabiwi katika kodi ya manispaa, kwa hiyo kumwandikisha mpwa anayesoma chuo kikuu hakumpotezei mwenyeji punguzo lake. Wala barua ya benki kuja nyumbani kwako kwa jina la mgeni haikufanyi uwajibike kwa deni lake: kumbukumbu za mikopo hufuata mtu na watu alioungana nao kifedha, hazifuati nyumba. Ni watu wachache wanaolijua hilo, na kwa kutolijua wamewafanya ndugu zao kuwa vivuli kwa mwaka mzima.

Kivuli naye hutumiwa. Jambo hili tunapenda kulifunika, nami nitalisema wazi: vyumba vibaya zaidi ambavyo mgeni wa Afrika Mashariki hupanga London, mara nyingi hupangishwa na mtu anayezungumza naye lugha moja. Hupewa chumba ndani ya nyumba ambayo mpangishaji mwenyewe amepanga, kwa fedha taslimu, bila maandishi wala risiti, kwa maelewano kwamba barua zake zisije pale. Sheria inamlazimu mwenye nyumba kuiweka amana ya mpangaji katika mfuko uliothibitishwa ndani ya siku 30, la sivyo anaweza kuamriwa alipe mara moja hadi mara tatu ya amana hiyo. Lakini kinga hii haimhusu anayepanga chumba kwa mtu anayeishi naye nyumba moja, na ndiye huyo mgeni wetu. Anaweza kuambiwa aondoke kwa taarifa fupi, na amana yake ikabaki kuwa suala la heshima. Akilalamika, anaambiwa hana shukrani. Wanaokuja kwa viza za kazi za kulea wazee wamekutana na sura mbaya zaidi ya jambo hilo, pale mwajiri aliyewadhamini viza anapokuwa pia ndiye aliyewatafutia chumba: kazi ikivunjika, mtu anakosa mshahara na kitanda kwa mpigo, huku akihesabu siku 60 alizopewa kupata mdhamini mwingine. Mlango huo wa viza ulifungwa kwa waajiriwa wapya kutoka nje Julai 2025, ila walioingia bado wapo na shida zao.

Sitaki nieleweke kwamba jamii ya watu wa kwenu ni mtego. Wabarawa wa Barnet, kaskazini mwa London, ni mfano wa kinyume chake. Hawa ni watu wa mji wa Barawa, pwani ya Somalia, ambao Chimwiini chao ni ndugu wa damu wa Kiswahili, na wengi wao walifika wakikimbia vita vilivyozuka mwaka 1991. Walijenga kituo chao Muswell Hill, mahali pa sala na pa kufundishia watoto, na kikateketezwa kwa moto Juni 2013. Waliofuatilia habari ile watakumbuka kwamba sinagogi moja la Finchley liliwafungulia milango Ramadhani ikiwa imekaribia, na kwamba manispaa ilikubali kushiriki katika kukijenga upya. Manispaa haikufanya hivyo kwa huruma peke yake. Ilikuwa na mtu wa kuandikiana naye: jumuiya ilikuwa na jina, anwani na historia, ilikuwa imeshageuka kutoka kundi la wageni kuwa taasisi inayosomeka. Msiba ulipowakuta, faili lilikuwepo.

Mambo mengine ni mepesi kuliko yanavyosimuliwa. Kujiandikisha kwa daktari wa mtaani hakuhitaji uthibitisho wa anwani, na mhudumu wa mapokezi anayeudai anakwenda kinyume na mwongozo wa huduma ya afya yenyewe; kumbuka pia kwamba mwenye viza ndefu kwa kawaida ameshalipia huduma hiyo kabla ya kupanda ndege, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, au 776 kwa mwanafunzi, hivyo haombi hisani. Benki kubwa zinalazimika kisheria kuwa na akaunti ya msingi kwa mtu anayeishi nchini kihalali, ingawa wafanyakazi wa tawi hawatakutajia akaunti hiyo mpaka uitaje wewe.

Lipo jambo jingine ambalo hushangaza kila ninapolieleza, hata kwa watu waliokaa London miaka mingi. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kwa ruhusa halali ana haki ya kujiandikisha kupiga kura, tena katika chaguzi zote, pamoja na ule wa Bunge. Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda wote wamo. Mrundi na Mkongo, kwa bahati mbaya, hawamo. Mfaransa au Mjerumani aliyekaa pale miaka 20 hawezi kumchagua mbunge, lakini mwanafunzi kutoka Morogoro aliyefika mwaka huu anaweza. Ukiacha siasa, daftari la wapiga kura ndilo kitu kinachokaribia zaidi lile daftari la wakazi ambalo Uingereza haina, na kampuni za kumbukumbu za mikopo hulitumia kuhakiki kwamba mtu fulani anaishi mahali fulani. Kujiandikisha ni bure, hufanyika mtandaoni, na pengine hakuna hatua nyingine ya bei hiyo inayomtoa mgeni kwenye ukivuli kwa haraka vile. Hata hivyo sijasikia chama cha Watanzania au Wakenya kikiifanya kuwa jambo la kwanza la kumwambia aliyefika.

Vyama vyetu vina kazi nyingine. Vinajua kuzika. Mtu wetu akifariki London, kikundi cha WhatsApp kitafunguliwa usiku huo huo na maelfu ya pauni yatapatikana ndani ya wiki ili mwili urudi Moshi au Kisumu, na wachangiaji wengi hawakuwahi kumjua marehemu. Tunajua pia kucheza upatu, tukikabidhiana fedha nyingi bila mkataba wowote wa maandishi, na anayepokea wa kwanza huendelea kulipa mpaka wa mwisho apokee. Kwa hiyo uwezo wa kubebana upo, na nidhamu ipo. Ambacho hatujafanya ni kuvitumia vitu hivyo viwili kumdhamini aliye hai ili apange nyumba kwa jina lake.

Najua pingamizi la kwanza: mdhamini anaweza kubomolewa na mtu asiyemjua vizuri. Ndiyo maana dhamana iwekewe kikomo. Mkataba wa udhamini unaweza kuandikwa kwa kiasi maalumu na kwa muda maalumu, tuseme kodi ya miezi mitatu katika mwaka wa kwanza, na mfuko wa chama ukatenga kiasi hicho kama unavyotenga cha misiba. Pingamizi la pili ni kwamba dalali hatakubali saini ya chama. Anataka mtu mmoja mwenye mshahara au nyumba. Basi atie saini mwanachama mmoja mwenye kipato cha kutosha, na chama kiandikiane naye kwamba hasara, ikitokea, itabebwa na mfuko. Watu wa aina hiyo tunao: wauguzi wenye miaka 20 kazini, madereva wa mabasi walionunua nyumba Barking bei zilipokuwa bado zinashikika, wahasibu wasiopenda kujulikana. Wengi wao hawajakataa, kwa kuwa hawajawahi kuombwa, na mahali pa kuwaombea ni mkutano mkuu wa mwaka, ambao ajenda yake ya kwanza kwa kawaida ni taarifa ya mfuko wa rambirambi.